Asubuhi Shamba la Dani Lilipogeuka Jeupe

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, ambayo ningependa kuisahau na siwezi.

Najua utaguna kuitwa Mwanangu na mtu aliyekutangulia kwa miaka kumi na miwili tu. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu shangazi hahesabiwi kwa mvi. Vumilia. Naandika kwa sababu ya jambo ulilolisema Jumapili pale langoni pa kanisa, wazee walipolalamika kwamba umewapita na vidude vyako masikioni bila hata kuwasalimu. Ulisema, "Kwani hawaoni kumekucha? Kumuuliza mtu ameamkaje na unamwona amesimama, hiyo ni kazi gani?" Wazee walikasirika. Mimi sikuungana nao, maana maneno hayo yalikuwa yangu kabla hayajawa yako.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nimemaliza chuo, nimepanga chumba mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, napiga picha za harusi kwenye bustani za matajiri wa Milimani. Nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilihoji mahari, nilihoji mahubiri, nilihoji kwa nini mke wa kwanza ndiye aanze kupanda mbegu msimu ukifika. Chuoni niliandika insha ndefu nikidai kwamba salamu ni ushuru ambao wazee huwatoza vijana ili kuwakumbusha nani mkubwa. Nilipata alama nzuri. Hadi leo sijui kama mwalimu aliniamini au alichoka kusoma.

Wikendi hiyo nilikuwa nimekuja nyumbani, huku kwetu juu ya kilima cha Riat. Alfajiri mvua ya mawe ilishuka. Unaijua mvua yetu, lakini ile hujaiona. Ilipiga mabati kwa muda wa kama robo saa, na ndani ya nyumba mama alikuwa akiniita kutoka chumba cha pili nisimsikie. Kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikalala tena kidogo.

Saa kumi na mbili na nusu nilifungua mlango nikasimama pale pale. Kilima chote kilikuwa cheupe. Barafu ilikuwa imejaa kwenye mitaro, imelundikana kwenye mizizi ya miti, imefunika njia ya kwenda kisimani. Kule chini ziwa lilikuwa la rangi yake ya kila siku, na magugu yake ya kijani, na huku juu tulikuwa kama nchi nyingine. Nilivaa gambuti, nikachukua kamera, nikatoka hata bila kunawa uso.

Niliamini kwamba asubuhi hiyo ingenitoa kwenye kazi ya picha za harusi. Picha ya theluji Kisumu! Nani angekuwa nayo? Jua lilikuwa linapanda kutoka upande wa Nandi na nilijua sina hata saa moja kabla yote hayajawa matope.

Shamba zuri kuliko yote lilikuwa la Dani Dorina. Wewe hukumjua vizuri, maana mlikuwa bado mnaishi mbali. Alikuwa mjane wa mdogo wake babu, tukimwita Dani, yaani nyanya. Aliishi peke yake ng'ambo ya ua wetu. Mistari yake ya mboga za sukuma ilinyooka kuliko mistari ya daftari langu, na pembeni, karibu na migomba, alikuwa na kitalu cha miche ambacho alikilinda kama mtoto mchanga. Kwenye ua palikuwa na upenyo. Kila aliyepita pale aliita hodi kwanza, hata kama ni mtoto anayefuata mpira.

Mimi sikuita. Wala si kwamba nilisahau, Mwanangu, nilifikiri nikaamua. Nikiita, Dani atatoka. Akitoka atanisalimu, ataniuliza habari za mama, za Migosi, za mchumba nisiyekuwa naye, na wakati huo miguu yake itakuwa inakanyaga weupe ule wote. Nikapita kwenye upenyo kimya kimya, nikinyata kama mwizi wa mahindi, nikasimama kando ili nisiache nyayo.

Nikaanza kupiga. Sukuma zilizotobolewa, kila jani na kijibarafu katikati. Ndoo iliyojaa mawe ya mvua hadi pomoni. Mwisho wa shamba, chini ya migomba iliyochanwachanwa, majani yalikuwa yameanguka chungu nzima, na chini yake palijitokeza kitu cha buluu. Ncha ya kitambaa, buluu iliyoiva, kwenye weupe mtupu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndicho kitu picha ilichokuwa inakosa.

Ni leso, nikajiambia, imepeperushwa kutoka kwenye kamba ya nguo.

Mimi niliyehoji mbingu na ardhi sikuhoji hilo. Upepo upi? Mvua ile ilishuka wima. Na Dani alikuwa mtu wa kuanua nguo zake jua likiwa bado juu. Kijiji kizima kinajua. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi nilikuwa na maswali ya kutosha kujaza insha, na la kunitoa pale nilipokuwa nimesimama sikuwa nalo. Niliivuta ile buluu karibu kwa lenzi. Nikapiga. Nikainama, nikapiga. Nikangoja jua liguse ncha za migomba, nikapiga tena. Sikuisogelea hata hatua moja, kwa sababu ya nyayo.

Nilikuwa bado nimeinama Mama Akoth alipofika na jagi lake la maziwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili, na kila asubuhi alimletea Dani maziwa. Alisimama kwenye upenyo, akapaza sauti:

"Oyawore, Dani!"

Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi, na wewe unajua jibu lake. Halikuja. Akainua mguu aingie.

"Mama, tafadhali!" nikasema. "Usikanyage hapo kwanza. Dakika mbili tu."

Alinitazama kuanzia gambuti hadi kichwani. "Wewe mtoto wa Owino, unanizuia kuingia kwa jirani yangu?"

"Ni picha, Mama. Ukikanyaga itaharibika."

"Msomi! Kumbe chuo walikufundisha kufunga watu njia. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nafikiri bado amelala."

"Dorina? Alale mpaka saa moja?" Kejeli ilimwishia usoni. "Umemwona wewe? Umemsalimu?"

Nilishusha kamera. Mama Akoth aliweka jagi chini juu ya barafu, akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. Akaita mara ya tatu, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa.

"Oyawore, Dani."

Na kutoka kule chini ya migomba, kwenye ile buluu yangu, ikaja sauti nyembamba kama ya kifaranga:

"Oyawore ahinya."

Mwanangu, nimesikia vilio vya matanga vingi, lakini hakuna sauti iliyonitia baridi kama ile. Hakuomba msaada wala kulia. Aliitikia salamu. Mama Akoth alikuwa amekwisha kukimbia, akikanyaga kila kitu, na mimi nyuma yake. Tulifagia majani kwa mikono. Dani alikuwa amelala ubavu, gunia tupu mkononi, leso ya buluu imemkaa mabegani, midomo imebadilika rangi. Alikuwa ametoka alfajiri ile ile kufunika miche yake. Mawe yalimpiga kichwani, akateleza, nyonga ikavunjika. Alipiga kelele wakati mabati ya kijiji kizima yalipokuwa yakipiga kelele kuliko yeye.

Tuling'oa mlango wa banda la kuku, tukamlaza juu yake, tukamfunika blanketi tatu, na gari la mwalimu jirani likampeleka hospitali. Njiani nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama lile jagi. Mama Akoth alinikazia macho kutoka kiti cha mbele mpaka mjini, na ningefurahi kama angenitukana.

Kamera huandika saa ya kila picha. Kati ya picha ya kwanza ya ile buluu na ile salamu ya tatu zilipita dakika kumi na nane. Nilimuuliza daktari kama dakika hizo zilidhuru. Alisema hawezi kusema. Nikamuuliza tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka muuguzi akaniomba nimwache mtu afanye kazi yake. Unajua methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuwahi kuipenda, na siku hizo niliichukia kabisa, maana guu lililovunjika halikuwa langu.

Siku nne hatukujua kama Dani atapona. Kifua kilikuwa kimeshikwa na baridi, na kwa mtu wa umri wake madaktari walihofia kifua kuliko mfupa. Siku ya tano alikula uji. Wiki ya tatu akaomba kuona hizo picha alizokuwa akizisikia kwa Mama Akoth.

Nilimshikia kamera mbele ya macho. Alitazama muda mrefu.

"Kumbe shamba langu ni zuri hivi," alisema. "Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nilitaka kuomba msamaha, nikaanza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikusikia," alisema. "Nilisikia gambuti kwenye barafu. Baadaye kitu kinalia ka, ka, ka. Kelele nilikuwa nimezimaliza, mjukuu wangu. Kifuani pumzi ilibaki kidogo, ya jibu moja. Nikasema, nisiipoteze. Huyu aliyeingia atasema hodi. Au atanisalimu, hata kama hataki. Akinisalimu nitajua amegeukia upande huu, na mimi nitaitikia." Akafumba macho. "Nikangoja. Nikasema labda ni ng'ombe."

Aliishi miaka minne baada ya hapo, akitembea kwa mkongojo, na hakulitaja tena. Shambani mwake hakurudi kuinama. Mimi ndiye niliyepalilia kila nilipopata nafasi, na mistari yangu haikunyooka, na alinicheka.

Sasa nasaha zangu ni hizi, Mwanangu, na uzihoji ukitaka. Sikuambii uache kuuliza maswali. Dunia inahitaji wanaouliza, na wazee wetu wengine wanastahili kuulizwa zaidi kuliko wanavyopenda. Mahari bado naihoji. Lakini nilikosea kuhusu salamu. Niliiona kama wimbo wa kumfurahisha mkubwa, kumbe ni swali, la zamani kuliko yote tuliyofundishwa chuoni, na kuna asubuhi ambapo jibu lake halijulikani. Asubuhi tisini na tisa utaambiwa "salama tu" na utaona umepoteza muda. Hujui ya mia ni ipi. Mimi sikujua.

Kwa hiyo, ukipita kwa mtu, ita. Ukiita, ngoja jibu. Usisalimu ukitembea kama anayetupa takataka. Jibu lisipokuja, ingia, hata kama utaharibu kitu kizuri kwa miguu yako. Kabla ya kuelekeza simu yako kwenye nyumba ya mtu, au shamba lake, au msiba wake, hakikisha kwanza mwenyewe yuko wapi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na lenzi hata ikileta kitu karibu namna gani, wewe bado umesimama mbali. Na Jumapili ijayo toa hivyo vidude masikioni ukawasalimu wale wazee langoni, mmoja mmoja, kwa majina yao. Yule wa mwisho, mwenye kofia ya manyoya, anaishi peke yake.

Mungu akukuze, Mwanangu. Akupe macho makali na moyo usioachwa nyuma na macho. Akulinde na baridi ya dunia hii, akujalie majirani wenye sauti kubwa, na kila utakapobisha hodi, ndani awepo mtu hai wa kukuitikia.