Ndevu za Shavu Moja

Kabla ndevu hazijaniota shavuni, kilitangulia kitu kidogo tu.

Foronya ya mume wangu iligoma kulainika.

Cheka kwanza, nakuruhusu. Mke wa kinyozi kuota ndevu, hata mimi ningesimuliwa ningecheka.

Mume wangu ni kinyozi. Kibanda chake kiko jirani na stendi, anafungua alfajiri ili wanaume wanyolewe kabla ya kwenda kazini. Taulo zote za pale, na yale mashuka ya kumfunga mteja shingoni, nilikuwa nafua mimi. Kwa hiyo madoa nayajua. Damu ya wembe naijua. Rangi ya nywele naijua, ile nyeusi isiyosikia sabuni.

Doa hili sikulijua. Lilikuwa la manjano, katikati ya foronya, na likikauka linakuwa gumu kama mtu amemwagia gundi. Ukilinusa, spiriti.

Lakini kinyozi gani hanuki spiriti?

Nikafua, nikaanika, nikanyamaza.

Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Mwalimu alikuwa akiniuliza, jibu ninalo, linanifia kooni. Niliacha shule darasa la tano, na sidhani kama kuna aliyegundua kwamba dawati limepungua mtu.

Tuliishi nyumba moja na mama mkwe na wifi yangu. Wifi alikuwa na kibanda cha mawigi na mafuta ya nywele, mlango wa pili kutoka kwa kaka yake. Ulimi wake, Mungu amsamehe, mimi bado.

Mume wangu alikuwa havui kofia. Kazini kofia, mezani kofia, kitandani anaivua taa ikishazimwa. Mtaani walimwita Kofia, na yeye anaitika vizuri tu. Nywele zilikuwa zimemhama utosini, na aliamini hakuna anayejua.

Halafu kichwa kikaanza kumwasha.

Anajikuna juu ya kofia, anaingiza vidole chini ya kofia, mabegani anadondosha ngozi nyeupe kama mba. Siku moja akaja uani nilipokuwa nafua, akazitupa kofia zake zote ndani ya beseni. Maji yakaniruka usoni.

"Unafulia nini hizi?"

"Sabuni ile ile."

"Sabuni ile ile ndiyo iniunguze kichwa? Au kuna kitu unanilipizia?"

Wifi alikuwa kaegemea mlango wa jikoni, anapaka rangi kucha.

"Kaka, muache," akasema. "Hata sabuni inataka shule."

Nikabadilisha sabuni. Nikawa nasuuza mpaka mikono inakufa ganzi. Kichwa kikazidi kumwasha, na lawama zikazidi kunijia mimi.

Ndipo likaja shavu langu.

La kushoto. Lilianza kuwasha, likawa jekundu, ngozi ikakauka na kukwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Asubuhi moja nikaona kwenye kioo kitu kama masizi, kuanzia karibu na sikio kushuka mpaka taya. Nikafuta kwa maji. Hakikufutika.

Zilikuwa nywele. Ndogo, nyeusi, zimelala kuelekea chini kama za mvulana anayebalehe.

Wa kwanza kuona alikuwa wifi, nani mwingine. Nilikuwa kwenye kamba, vibanio mdomoni. Akaja, akanishika kidevu, akanigeuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mama mkwe akatoka ndani. "Baba gani?"

"Huyu hapa. Kaka kaoa mwanaume mwenzake."

Mama mkwe hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniangalia uso, kisha akashusha macho akaniangalia tumbo.

"Kumbe ndiyo maana," akasema, akarudi ndani.

Tulikuwa mwaka wa pili wa ndoa na sijashika mimba. Tangu siku hiyo ndevu na tumbo vikawa kesi moja. Mwanamke mwenye ndevu hazai. Ilikuwa inasemwa kwenye nyumba ile kawaida tu, kama mtu anavyosema leo kuna jua. Wifi akawa ananiamkia kila siku, "Shikamoo, baba," mbele za wageni, na wageni wanakohoa ili wasicheke.

Kisha nikasikia mpango. Baba mdogo wa mume wangu akirudi safari, kikao kinakaa, narudishwa kwa shangazi yangu aliyenilea. Nirudishwe kama bidhaa mbovu. Na bidhaa iliyorudishwa, nani anainunua tena?

Nilimfuata mume wangu chumbani. Sikuwa nimewahi kumwomba kitu.

"Ninyoe," nikamwambia.

Akafunga mlango, akanikalisha kwenye stuli, akanifunga shuka la kazini nililolifua mwenyewe. Akapaka povu. Akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Usitikisike."

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ndiyo maana wateja walimpenda. Wembe ulipita shavuni kama hautaki kuniamsha, na kwa muda mfupi nikasahau kama nina matatizo.

Halafu akauliza, "Mama yako naye alikuwa nazo?"

Mama yangu alikufa nikiwa sijajua hata kufunga kamba za viatu. Yeye analijua hilo.

"Sijui," nikasema.

"Basi ni mambo ya kwenu hayo."

Akanipaka spiriti. Machozi yakanitoka, akadhani ni spiriti.

Ndevu zikarudi. Na pale wembe ulipopita, ngozi ikachubuka na kutoa maji.

Nikajifunika kanga, nikaenda zahanati. Daktari alikuwa mama mmoja mkali, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi.

"Fungua uso. Hapa hatufanyi maigizo."

Nikafungua. Akasogeza taa, akaangalia shavu la kushoto. Akanigeuza, akaangalia la kulia. Akarudi la kushoto.

"Ajabu," akasema. "Huku laini kama la mtoto. Homoni zikivurugika, zinachagua shavu?"

Nikatikisa kichwa.

"Unalalia ubavu gani?"

"Kushoto."

"Nyumbani kwako nani anapaka dawa ya kuotesha nywele? Zile za matone, za watu wenye vipara."

"Hakuna."

"Yupo. Hajakwambia tu."

Hapo foronya ikanijia kichwani. Lile doa gumu. Ile spiriti.

Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Dawa zile ngozi nyingine hazizitaki. Ngozi inawasha, inakuwa nyekundu, inabanduka. Na dawa ikigusa pasipohusika, inaotesha pale pale, haiulizi shavu ni la nani.

"Huyo anayepaka," akasema, "kichwa hakimwashi?"

Nikacheka. Miezi yote ile sikuwa nimecheka. Daktari akavaa miwani aniangalie vizuri kama niko sawa.

"Mnalalia mto mmoja?"

Kitandani kwetu kulikuwa na mito miwili. Wake upande wa mlangoni, wangu upande wa ukutani.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ni hivyo. Mto utenge, shavu lisiiguse tena hiyo dawa. Zitadondoka zenyewe, taratibu, usizinyoe. Na yeye aache, aje nimwone, hasa kama anajinyoa halafu anapaka juu ya michubuko."

Kumbe ndivyo alivyokuwa anafanya. Wembe bafuni, kisha dawa. Kinyozi mzima.

Nikasimama niondoke, nikashindwa. Nikauliza kwa kunong'ona, "Na kuzaa?"

"Ndevu hizi hazijui habari za tumbo lako," akasema. "Hilo mtakuja kupimwa wawili. Nimesema wawili."

Nilirudi nyumbani nikiwa na la kusema, na kama kawaida yangu sikulisema. Niliacha kufua foronya ile, basi.

Kikao kikafika.

Baba mdogo alikaa kochi kubwa. Wifi alikaa kwenye mkono wa kochi, anachezesha mguu. Mume wangu alikuwa na kofia yake, anahesabu maua ya zulia. Mama mkwe alisema kwa urefu, kwa upole wa kutisha.

"Hatuna ugomvi naye. Anafua, anapika, hana mdomo. Lakini sisi tulioa mwanamke."

"Ndevu zenyewe zinazidi za kaka," wifi akadokeza.

Baba mdogo akanigeukia. "Binti, una la kusema?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaweza kuimaliza kesi ile kwa neno moja. Akaendelea na maua ya zulia.

Nikainuka.

"Anakimbia huyo," wifi akasema.

Nikaenda chumbani, nikarudi na mto wa mume wangu. Nikauweka mezani, katikati ya vikombe, doa likiwa juu.

"Daktari kasema ndevu zangu zimetoka humu."

Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka wakainama kunisikia. Baba mdogo akagusa doa kwa kidole. "Hii nini?"

Mume wangu akamtazama dada yake. Na dada mtu, ambaye maishani mwake hajawahi kuuchelewesha ulimi, akamgeukia kwa hasira:

"Si nilikwambia ikauke kwanza ndiyo ulale? Nilikwambia kabisa, ikimgusa mwanamke inamwotesha."

Mguu wake ukaacha kucheza.

"Nini ikauke?" mama mkwe akauliza.

Ikabidi yatoke. Wifi ndiye aliyemletea matone kutoka kibandani kwake, akamfundisha kupaka, akamwonya. Siku ile kwenye kamba, aliponigeuza kidevu kama nyanya, alikuwa anajua. "Shikamoo, baba" zote zile, anajua.

Na mume wangu alikuwa anajua. Ameshika wembe shavuni mwangu, ananiuliza habari za mama yangu, na anajua.

"Vua kofia," baba mdogo akasema.

"Baba mdogo, sasa hii..."

"Nimesema vua."

Akavua. Utosi wote ulikuwa mwekundu, unabanduka, na magamba pale alipojikuna mpaka damu. Nywele hazikuwepo. Hakuna aliyecheka.

"Yaani," baba mdogo akasema polepole, "ulikuwa tayari mke wako arudishwe kwao ili wewe usivue kofia?"

"Nilijua ndevu zitaisha zenyewe," akajibu. "Kinyozi mwenye kipara, nani atampa kichwa chake?"

Kisha akanigeukia mimi. Kwa ukali, kama amenikamata na kosa.

"Lakini mto huu ni wangu. Wewe una wako kule ukutani. Dawa ilikufikaje?"

Wifi akaidaka hiyo. "Alikuwa anapekua. Ananusanusa vitu vya watu."

Wote wakanitazama. Uso ukaniwaka moto, na safari hii haukuwa upele. Jibu nilikuwa nalo. Likafia pale pale yanapofia mengine.

Mama mkwe akajikohoza. "Basi yaishe. Akachemshe chai."

Hakuna aliyesema pole. Akachemshe chai.

Nikachemsha. Nikawamiminia wote, na wifi nikamjazia. Kisha nikaingia chumbani nikafunga nguo zangu.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza mlangoni. "Si tumesema ubaki?"

"Mmesema nyinyi," nikamwambia. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumpa bila kutetemeka.

Sasa niko kwa shangazi, nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Ndevu zilidondoka kidogo kidogo kama daktari alivyosema, shavu limekuwa laini. Nasikia Kofia ameacha dawa, ameacha na kofia, utosi unang'aa, na wateja wanapanga foleni kama zamani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujali.

Dada unayenisoma, ukiota kitu ghafla, na hasa kikichagua upande mmoja, usikubali kuitwa mchawi wala dume. Nenda hospitali, halafu uliza nyumbani nani anapaka nini. Na wewe kaka, dawa unayoificha haijui kujificha. Itamtokea mwingine usoni.

Bado ananitumia ujumbe. Haombi msamaha. Anauliza lile lile: nijibu tu, mto ulikuwa wangu, dawa ilikufikaje.

Najua anasoma kurasa hizi. Zamani alikuwa ananisomea simulizi kama hii, mimi nimelala upande wa ukutani, nasikiliza.

Kwa hiyo nakujibu hapa.

Kipara chako nilikijua kabla hujanioa. Sikuwahi kukiwaza.

Kila alfajiri ulipotoka na kufunga mlango, nilikuwa nahamia upande wako. Naweka shavu pale kichwa chako kilipokuwa, pakiwa bado na joto, nalala hapo mpaka jua linaingia dirishani. Kila siku. Hata siku uliyonitupia kofia kwenye beseni.

Hata kesho yake baada ya kuninyoa.