Mlango wa Mwerezi wa Mama

Watu wa hapa Bariadi hukagua mlango mpya kwa namna moja tu. Wanaingia ndani mchana, wanaufunga, wanasimama gizani kutafuta mwanga. Wakiona hata uzi wa mwanga kati ya ubao na ubao, fundi umekwisha, watakusema mpaka mnadani. Na kwa kuwa huku kwetu watu hujenga wakishauza pamba, milango karibu yote tunaipachika kiangazi, jua likiwa limekausha kila kitu mpaka midomo yetu. Wakati huo mbao zimekonda. Mvua ikija zinanenepa, na hazikuombi ruhusa.

Mimi ni seremala, hayo nayajua. Nimegombana na wateja kwa ajili hiyo: acheni nafasi kidogo, mbao zinahitaji pa kutanukia. Sasa mtu aniulize kwa nini mlango wa mama yangu mzazi niliutengeneza kama sijui kitu.

Mama alikuwa akiishi peke yake kule Mwamapalala, na dada yangu mkubwa, anayekaa Mwanza, alikuwa hataki tena kusikia habari hiyo. Kila simu ni hayo hayo: mama amezeeka, aje kwangu. Mama hakutaka. Ana ng'ombe wake, ana shamba lake, na baba amezikwa pale pale nyuma ya nyumba. Mwisho tukakubaliana kwamba nimjengee chumba cha matofali chenye mlango wa maana, ajifungie mwenyewe, na dada aache maneno.

Nikatafuta mwerezi. Kwanza unanukia, pili hausumbui sana kama mbao nyingine, na hapo ndipo nilipoudharau. Nilizipanga mbao ubavu kwa ubavu, nikazibana kwa gundi, nikazigongelea misumari kwenye mbao za kukingama kwa nyuma. Wembe usingepita. Nilijua kabisa kwamba kila ubao ulitakiwa uachiwe nafasi yake. Lakini dada alikuwa anakuja kuukagua, na nilitaka asimame mle ndani asione mwanga. Ni kutaka sifa tu, sina jina lingine la kuupa ujinga ule. Dada akaja, akaufunga, akasimama gizani. Alitoka anacheka. "Mdogo wangu," aliniambia, "kumbe wewe fundi kweli." Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima.

Mvua zikaanza. Nikimpigia simu mama, mayu kwa Kisukuma chetu, namuuliza, "Mlango vipi, mayu?" Ananiita mwanangu, ananijibu, "Mzuri, ng'wana wane. Unanukia." Sikwenda kuangalia. Kazi zilikuwa nyingi, au ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya.

Krismasi tulikwenda wote, dada na mimi. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, njia yote matope. Tukaukuta mlango umeegeshwa tu, na nyuma yake mama ameweka kinu. Ndivyo alivyokuwa akilala, mlango umebaki wazi kiganja kizima, na kinu ndilo komeo lake. Hakumwambia mtu. Alijua dada akisikia atamchukua.

Dada akamwambia aufunge tuone. Mama akasukuma kwa mikono, kisha kwa bega. Mlango ukakataa kuingia kwenye fremu. Akasukuma tena, huku anatabasamu kama mtu aliyefumaniwa na kosa. "Mikono yangu siku hizi imechoka," akasema.

Dada akamshika mkono taratibu, akanigeukia. "Umeona mwenyewe. Hata mlango hauwezi. Mama anaondoka na mimi."

Nami nilikuwa nimeshaona. Nilipoutazama tu ule ukingo ulivyokwama kwenye fremu, nilijua. Hata kijana wa kubeba marobota ya pamba asingeufunga. Neno moja tu lilitakiwa: mbao zimevimba, kosa ni langu. Lilifika mdomoni kabisa. Halafu nikamwangalia dada, nikakumbuka alivyonisifu, nikainama kukisogeza kinu. Ndicho nilichofanya, jamani, nilisogeza kinu.

Mama akaondoka na kanga zake na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ng'ombe aliwaacha kwa jirani, na hakuwaangalia tulipopita pale zizini.

Sasa ni kiangazi tena. Juzi nilikwenda kuitazama nyumba. Nikausukuma mlango kwa kidole, ukaingia kwenye fremu, ukatulia. Nikaufungua, nikaufunga tena. Niliona aibu, nikakaa chini pale pale kizingitini. Chumba hakina mtu, na mlango unafunga vizuri.

Nikiwa nimekaa hivyo mama akapiga simu. Nikamwamkia, akaniuliza habari za ng'ombe, akaniuliza kama jirani amevuna. Halafu akauliza lile analouliza kila mara. "Mlango unafungaje?"

"Unafunga, mayu. Kwa kidole tu."

"Basi ni mimi," akasema. "Nguvu ndizo zimeniisha. Dada yako alisema kweli."

Hakulalamika. Alilisema kama mtu anayekubali kwamba jua limezama, na moyo ukaniuma kuliko kama angenilaani.

"Si nguvu zako," nikamwambia. "Ni mbao. Ni kama michembe, mayu. Ukiianika inasinyaa, ukiiloweka inajaa. Mimi nilizipachika zimesinyaa, sikuziachia nafasi. Mlango ule hakuna ambaye angeufunga."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Dada yako amenishika mkono, nawe umesimama pale unajua?"

"Nilijua, mayu. Nitaung'oa wote, niupange upya kabla ya mvua."

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Badala yake nikamsikia anaondoa simu sikioni na kumwita dada aje amsikilize mdogo wake ana la kusema. Alimwita kwa sauti ile aliyokuwa akiwaitia ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Sikuwa nimeisikia tangu Krismasi.