Doa la Kona ya Chini

"Nyinyi mnatazama kioo kwa macho mawili na hamwoni kitu. Mimi jicho moja linanitosha, na chenji inabaki."

Wubshet aliyasema hayo kwenye harusi ya Muluken, kipaza sauti mkononi, pombe ya asali imempanda, mbele ya mafundi wote wa laptop wa jengo letu la sokoni Merkato. Watu walicheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja. Wala hakuwa anadanganya. Kila kioo alikikagua hivyo: jicho la kushoto analifumba, la kulia analikaza kama mtu anayelenga bunduki. Macho mawili, alisema, hugombana.

Mfungo mkubwa wa kabla ya Pasaka ulipoanza, Yeshimebet, anayechapa maombi na mashtaka ya watu nje ya mahakama, alimletea laptop yake. Akiinua kifuniko kioo kinazimika, akikishusha kinawaka. Wubshet alikimulika tochi, akaona maandishi yamekaa kwenye kiza chake kama familia iliyokatiwa umeme.

"Picha ipo, taa ndiyo haipati moto. Waya umekatika hapa kwenye bawaba."

Akabadilisha waya, kioo kikawaka. Kazi ilikuwa imekwisha. Kisha akafumba jicho la kushoto.

"Kuna doa," alisema. "Kona ya chini, kulia."

Yeshimebet akainama, akamwita kwa jina la heshima tunalowapa wakubwa. "Mbona mimi silioni, Gashe?"

"Macho yako ni ya kusomea mashtaka. Hili litakula kioo kizima. Likikuzimia katikati ya kesi ya mtu, utaniita mwizi."

Mwanamke akalipia kioo kipya. Nani angebishana na jicho lile?

Kioo kilitoka kwa Muluken, anayeviuza ghorofa ya chini. Wubshet alikifunga, akafumba jicho. Doa palepale. Akashuka nacho ngazi na kumwita Muluken muuza takataka mbele ya wateja wake.

"Gashe, mimi nimekulia kwenye benchi lako," Muluken alisema taratibu. "Kioo ni kizima. Kitazame vizuri."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kutazama?"

Akapewa kingine. Doa palepale, tena limenenepa.

Hapo akafanya alichowafundisha wote: akachomeka skrini ya nje. Doa likionekana na huko, kosa si la kioo, ni la ubao wa ndani. Likaonekana. Basi ni ubao. Alikuwa ameshashika bisibisi alipoamua, kwa kuhakikisha tu, kuwasha laptop yake mwenyewe, isiyowahi kuugua hata mafua. Doa lilikuwepo.

Akakaa. Chakula cha mchana kililetwa, mkate mpana wa injera na mchuzi wa shiro. Alifumba jicho la kushoto akaitazama ile injera. Kona ya chini kulia ilikuwa imeliwa, na yeye hajaigusa.

Ukishabadilisha kila kitu na kosa halijahama, kilichobaki ndicho kibovu. Kanuni ni yake. Hakumwambia mtu. Alimrudishia Yeshimebet laptop, akasema imepona, na kila alfajiri akaenda kanisani kuoga maji ya baraka. Padri hakuuliza maswali. Hospitalini angelazimika kusema, na pengine angekutana na mtu aliyekuwa harusini.

Pasaka ilipofika, kivuli kilikuwa kimepanda mpaka katikati, akaenda hospitali.

Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, alimmulika tochi kwa muda mrefu. Wubshet alikijua kile kimya. Ni cha fundi anayetafuta maneno ya kumwambia mwenye mali.

"Utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Ungekuja siku ile ulipoona doa, tungeuwahi."

"Na sasa?"

"Tunaweza kupasua. Ni birr laki moja na elfu ishirini. Utapata mwanga, labda kivuli cha mkono. Kusoma siwezi kukuahidi."

Miaka yote amewaambia wateja: matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya mashine, achana nayo, chukua vipuri. Akatabasamu kidogo. "Na vipuri, daktari?"

Binti hakucheka. "Nenda kalitunze hilo lililobaki, Gashe."

Nyumbani mkewe alitaka wauze benchi na vyombo vyote wapate hizo pesa. Wubshet akakataa. Alisema benchi ndilo jicho lake zima, na hauzi jicho zima ili anunue kivuli cha mkono.

Mpaka leo yuko palepale, kazi amepunguza. Kioo kikimfikia bado huanza kwa kufumba jicho la kushoto. Dunia inazimika yote, anakaa humo kidogo, kisha anafumbua.

Kile kioo cha kwanza cha Yeshimebet kilikuwa kimeegemea ukuta, kizima kama kilivyotoka kiwandani. Alikiuza ili amrudishie mwanamke pesa zake, angalau sehemu. Muluken alipanda mwenyewe, akakitazama kwa macho yote mawili, wala hakutaja habari za harusi.

Akalipa birr elfu tatu.