Vitambaa Vyekundu vya Bondeni

Juzi niliwaona wasichana wa shule wakikimbia kando ya mto Ruiru, wakicheka tu, nikawaonea wivu. Mimi sikuwahi kukimbia bila hofu ya kukosea.

Nilipokuwa msichana wa shule kama wao, siku ya mashindano ya mbio mwalimu alituambia tufuate vitambaa vyekundu hadi mtoni. Nilitaka sana kuwa wa kwanza, na tulipoteremka bondeni hakuna aliyekuwa mbele yangu. Hewa ilinuka matope na maganda ya kahawa yaliyooza. Niliona kitambaa kwenye mti wa kahawa, kisha kingine, nikavifuata vyote bila kuruka hata kimoja, mpaka nikawatokea wanawake waliokuwa wakichuma kahawa. Mama yangu alikuwa kati yao.

“Ngai! Nani anakukimbiza, mami?” mmoja wao aliniuliza.

“Ni mashindano. Mwalimu alisema tufuate vitambaa.”

Walicheka hadi wakaweka vikapu chini. Vitambaa vile vilikuwa vyao, vya kuonyesha kila mmoja alipoachia kuchuma jana yake. Kule mtoni nilisikia wenzangu wakimshangilia mwingine, nikaanza kulia.

“Nyamaza,” mama alisema. “Huku umefika wa kwanza. Wa pili hata hatujamwona.”

Wenzake Wakikuyu wakanipigia vigelegele vitano. Nilivihesabu, nikadhani wamezidisha, kwa kuwa mtoto wa kike alipozaliwa pale shambani walipiga vitatu tu. Sasa najua hawakukosea. Vitano ni vya mtoto wa kiume, nao waliamua kunipa mimi.