Wachezaji wa Mama

Kaka yangu mkubwa alipopata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, tulikuwa tukikaa Ibra, huko Omani, katika nyumba ya kupanga karibu na mashamba ya mitende. Baba alikuwa karani wa serikali, na siku nyingi alikuwa Mudhaibi kwa kazi. Tulikuja kutoka Unguja katikati ya miaka ya sabini, na Kiarabu cha mama kilikuwa cha sala na cha kununulia samaki. Majirani walikuwa wema. Wakimletea tende, wakinywa kahawa, lakini wakishaulizana hali mazungumzo hukatika, wakabaki kutazamana na kutabasamu. Wakishaondoka, mama huniambia kwamba kunyamaza kunachosha kuliko kufua.

Kaka hakuwa mtu wa barua. Ya kwanza ilikuwa nusu ukurasa, na ndani ya bahasha alitia kadi ngumu za rangi zenye picha za wanaume waliovaa kofia za ukingo wa mbele, wengine wameshika rungu, wengine wamevaa glavu kubwa ya ngozi mkono mmoja. Aliandika kwamba hao ni wachezaji wa besiboli, mchezo unaopendwa sana huko, na kwamba kadi zao hutoka ndani ya pakiti za chingamu. Baba alizitazama, akaziweka chini. Mama akazichukua.

"Hawa ndio watu anaoonana nao mwanangu," alisema, na hakuna aliyemrekebisha.

Tangu hapo kila bahasha ilikuja na kadi, na barua zikazidi kuwa fupi. Mama alishona kifuko kwa mabaki ya kanga, akawa anazitia humo. Kazi za jikoni zikiisha, huzitandaza juu ya busati. Herufi za Kizungu hakuzijua. Nilipomsomea majina alisema yanamkwama kooni, akawapa ya kwake. Kulikuwa na Bwana Harusi, kwa jinsi alivyokuwa akicheka. Kulikuwa na mnene mmoja aliyemwita Shemeji, kwa kuwa alifanana na mume wa dada yake aliyekuwa akikaa Aija, kule Sur. Aligundua mwenyewe kwamba wenye alama moja kofiani ni wa timu moja, akawapanga pamoja. Kisha akagundua kwamba mtu huyo huyo huweza kurudi katika kadi ya mwaka unaofuata, kanenepa kidogo, au kavaa fulana ya watu wengine. Hilo ndilo lililomshika hasa. Akawa anawafuatilia kama unavyofuatilia habari za jamaa walio mbali.

Majirani nao wakaanza kuja kwa ajili ya kadi. Mama akiwaeleza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: huyu kahama, huyu kazeeka, huyu simpendi macho yake. Wao wakimsahihisha maneno, wakigombania nani mzuri zaidi. Siku zilivyokwenda, sikuitwa tena kutafsiri.

Simu ilikuwa shida na mama hakuwa akiandika, kwa hivyo tukirekodi kaseti na kuipeleka posta. Baba husema lake kwa haraka, mimi langu, kisha mama huisogeza redio karibu na mdomo na kuanza maswali yake. Safari moja alimwuliza kaka habari za Bwana Harusi, yule wa kofia nyekundu anayecheka, mbona mwaka huu hayumo. Kaka alijibu kwa kaseti vilevile: kaumia goti, yuko hospitali, huenda asicheze tena. Mama aliirudisha nyuma sehemu ile, akaisikiliza upya.

Kaka alirudi na shahada yake, akapata kazi Maskati. Mapumziko ya kwanza alikuja Ibra, nyumba ikajaa watu. Ijumaa baada ya chakula wageni walipoondoka, mama alitandaza kadi zake zote mbele ya kaka, kila timu mahali pake, akaketi. Alitaka sasa aelezwe mchezo wenyewe: anayerusha anamrushia nani, na anayekimbia anakimbilia wapi.

Kaka alicheka, wala si kwa ubaya. Alisema yeye hata kiwanjani hakuwahi kufika. Masomo yalimbana, na siku za mapumziko alikuwa akiosha vyombo mkahawani. Mwenzake wa chumbani alikuwa akila chingamu na kutupa kadi, naye akiziokota na kuzitia bahashani, ili barua isionekane tupu.

"Na yule aliyeumia goti?" mama aliuliza.

"Yupi, mama?"

"Bwana Harusi. Ulisema yuko hospitali."

"Ah, nilisema tu, mama. Uliniuliza, nami sikuwa na jibu."

Mama aliitazama ile kadi. "Mimi nikimwombea dua," alisema. "Kila nikisali alfajiri."

Kaka alifungua mdomo, lakini baba alikuwa akimwita nje kuhusu gari. Mama akazikusanya kadi, timu zote pamoja, akazitia kifukoni.

Hakukasirika. Jioni alimfungia chakula cha njiani kama kawaida. Ila kadi hazikutandazwa tena, na majirani walipouliza aliwaambia mchezo umekwisha. Baba alipohamishiwa Nizwa, mama aliwagaia watoto wa mtaani zile kadi, na kabla hatujapakia vitu nilikwisha kuona moja imebanwa kwenye gurudumu la baiskeli ili ilie.

Kaka alijitahidi. Alipotumwa Marekani kikazi alileta pakiti mpya na kitabu cha picha, akaja Nizwa akakaa na mama, akamweleza mchezo mwanzo hadi mwisho. Mama alimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Alipomaliza, akamwuliza kama keshakula.

Mama alifariki kabla ya miaka ya themanini kwisha. Baada ya matanga tulikwenda Aija kumwona mama mdogo, na wakati wa kurudi, kaka akiendesha, alisema ghafla, "Ningesema sijui tu. Ningemwambia, mama, yule mtu simjui."

Nilitaka kumwambia kwamba ule uongo wake ndio uliompa mama watu wa kuzungumza nao, na kwamba miaka ile alicheka kuliko miaka mingine yote tuliyokaa Omani. Lakini tulikuwa tumefika Al Qabil, akasimamisha gari kutia petroli, akashuka. Aliporudi alifungua redio, tukaendelea na safari.