Ubongo wa Panya kwenye Mizani ya Kaka

Kaka yangu ananunua dhahabu katika mji mmoja wa machimbo mkoani Geita. Chumba chake kimoja kina mizani, birika la chai na jiko la kuchomea dhahabu iliyochanganywa na zebaki. Mvuke wa zebaki hauonekani, kwa hiyo kaka hauamini. Mimi nilisoma katika kitabu cha mitumba, nilichokinunua Kahama, kwamba unaharibu neva. Nikataka jiko litoke nje. Kwa miaka mitatu nilitumia maneno. Mwaka wa nne nilitumia panya.

Kupasua nilijifunza mwenyewe, kwa wembe, kibano na mkasi wa kucha. Fuvu hufunguliwa kuanzia kisogoni, ncha ya mkasi ikielekea juu isichubue kilicho chini. Kisha ubongo huinuliwa taratibu kwa mpini wa kijiko, huku unakata neva za macho. Nilikamata panya sita chumbani kwa kaka, na wengine sita Ushetu, ghalani kwa wakwe zangu, mahali pasipochomwa dhahabu. Nilikosa mizani tu. Mizani ya kuaminika niliyoijua ilikuwa ya kaka.

Alikubali kupima. Wachimbaji wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakanyoosha shingo.

"Hiyo imetoka duara gani?" mmoja akauliza, akidhani kuna shimo jipya.

"La darini," kaka akajibu. "Gramu moja na nukta nane. Haina kokoto."

Tulipomaliza wote kumi na wawili, nilijumlisha mara mbili. Panya wa kaka walikuwa na ubongo mzito kuliko wa Ushetu.

"Kumbe moshi wangu unaongeza akili," alisema kaka.

"Uzito si akili, kaka."

"Na ghala la wakwe zako si la tumbaku?"

Lilikuwa la tumbaku. Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimelinganisha walevi wa aina mbili.

Ili nisiondoke mikono mitupu, niliwaonyesha neva ya paja la panya, uzi mweupe kama wa pamba, nikaulaza juu ya kioo.

"Lete kibano niuinue," alisema kaka. "Mimi naokota chenga ya dhahabu ambayo wewe huioni hata kwa miwani."

Kibano kiligongagonga kioo. Neva ikakatika. Nikampa ya pili, ikakatika. Kwa ya tatu aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nayo ikakatika. Wachimbaji, waliokuwa wakicheka tangu ghala la Ushetu litajwe, waliitazama mikono yao wenyewe.

"Kibano chako kibovu, mdogo wangu," alisema, akanywa chai, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi nilikuta jiko liko nyuma ya nyumba, mbali na dirisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Lilikuwa linachafua dari."

Niliitazama dari, nikakubali kuwa ni chafu. Katika daftari langu, jaribio lile bado limeandikwa kuwa lilishindwa.