Nimeambiwa Nisubiri

Programu ile ni ya bure, imetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, na kituo cha kupokelea majani ya chai kule Ikuti kinaitumia kuandika uzito wa mzigo wa kila mkulima. Maelekezo yake yote ni ya Kiingereza. Mama mdogo ni karani pale, na kila simu ilipogoma alinipigia mimi. Nikasema basi, mimi si mwandishi? Nitayaandika kwa Kiswahili yaishe.

Kuandika hakukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni kuyafikisha. Wenye programu hawapokei kwa barua pepe. Lazima uyapeleke kwa njia ileile wanayopelekea kazi zao mafundi wa programu, kwa amri za kuchapa kwenye kioo cheusi, na ukikosea nukta mashine inakurudisha mwanzo. Nilijifunza peke yangu hapa Bulyaga, mvua inapiga bati, mtandao unakuja na kuondoka. Rafiki yangu mmoja alicheka: "Dada, hayo si mambo ya makoda? Wewe mwandishi yanakuhusu nini?" Nilinuna siku nzima.

Hatimaye yakafika. Msimamizi mmoja, sijui wa nchi gani, akaandika kwamba kazi ni nzuri, nisubiri mtu mwingine anayejua Kiswahili aikague. Nilifurahi kama mtoto. Nikasubiri. Kwetu ukipiga hodi ukajibiwa "subiri", unakaa nje na kunyamaza; kuita tena ni kumwambia mwenye nyumba hajui kupokea wageni. Siku niliyomlalamikia mama mdogo alinikatiza.

"Ugwe, wewe! Si umeambiwa usubiri? Ukiita-ita watauliza huyu binti wa nani."

Kila asubuhi kabla ya chai nilifungua ule ukurasa nilikoipeleka kazi yangu. Kimya. Nilikuwa mpweke kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu: nimeandika kwa lugha ya mamilioni, na msomaji ni mimi tu. Nilianza kuyachukia maneno yangu mwenyewe.

Kisha asubuhi moja nikakuta ujumbe. Ulikuwa wa mashine, imejiandikia yenyewe. Hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu, ilisema, mwandishi anaonekana ameondoka, hivyo kazi hii imefungwa. Kumbe kule anayenyamaza huhesabiwa hayupo.

"Nipo," nilisema kwa sauti, na nyumbani hamna mtu. Nikasema tena.